Hina Mbichi na Madirisha ya Sebuleni

Fundi wa hina alichelewa, kwa sababu siku hiyo Temeke ilikuwa na maharusi wengi kuliko mafundi, na alipomaliza mkono wangu wa pili wageni wa kiume walikuwa tayari wanavua viatu mlangoni. Akaipuliza mikono yangu, akaitazama kwa majivuno, kisha akanitisha. "Usiguse kitu. Ukijikuna, umeharibu. Ukijisahau ukafuta jasho, umeharibu. Mie kesho nisisikie jina langu linatajwa vibaya." Akabeba kapu lake akakimbilia kwa bi harusi mwingine. Akaniacha nimekaa kitandani, mikono nimeilaza juu ya mito miwili, na kicheko kimenibana kifuani hata sijui nacheka nini.

Nilikuwa naolewa. Hilo peke yake lilitosha kunichekesha. Wiki nzima nilikuwa nimewekwa ndani kwa Bibi mzaa mama, chumba cha nyuma ya duka lake, nasingwa mwili kwa liwa na kufukizwa udi, mie ambaye kazi yangu ni kutambaa chini ya meza za ofisi moja kule Msasani nikichomoa na kuchomeka nyaya za kompyuta. Kwetu mwari hatoki. Hachungulii, haonwi na wanaume wa upande wa bwana harusi, na sauti yake haitakiwi ipite ukutani. Bibi alisema hata nyumba ikiungua niulize kwanza sebuleni kuna nani ndipo nikimbie.

Bibi ndiye aliyekuwa mlinzi wangu. Mama alikuwa uani na wanawake wenzake, wanasimamia pilau. Tangu nizaliwe Bibi ananiita mke mwenzangu, kwa madai kwamba marehemu Babu alinipenda mimi kuliko yeye, na siku hiyo utani ulikuwa umempanda kichwani. Kila mara alinigeukia akasema, "Mke mwenzangu leo ananiachia mume peke yangu," kisha akacheka hadi akashika meno yake ya bandia yasimtoke.

Jambo moja tu ndilo lilikuwa halinichekeshi, nalo lilikuwa Baba.

Baba yuko Maskati. Kwetu sisi, Maskati ni jina la nchi nzima. Kwa kweli anasimamia ghala katika mji mdogo, mbali sana na pwani. Aliondoka meno yangu ya utoto yalipokuwa yanang'oka, na tangu hapo amekuwa mtu wa kuja na mabegi na kuondoka na mabegi. Bibi hakuwahi kumsamehe vizuri. Alimwita "mkwe wa kwenye simu", na akilisema jina hilo mbele ya Mama alijifanya anatania. Mimi nilikuwa nimeshikilia ahadi moja aliyoniahidi nikiwa mdogo, nimekaa kwenye begi lake ili lisifungike: siku nitakayoolewa ataniozesha mwenyewe, kwa kinywa chake.

Likizo alipata. Tiketi alikata. Kanzu mpya alishona. Kisha mvua zikanyesha kule na barabara ya kwenda uwanja wa ndege ikafungwa. Ikabidi ampe Ami, mdogo wake, uwakala wa akiba: kama Baba hapatikani, Ami ndiye atakayesema. Ndoa ingekuwa halali vilevile, na hakuna aliyebisha. Lakini mimi sikutaka uhalali peke yake. Nilitaka sauti ya Baba.

Sheikh alikuwa mtu mwema. Alisema kama walii, yaani baba mwenye kuozesha, ataonekana na kusikika na mashahidi wote, ataipokea idhini yake pale pale. Basi nikaichukua kompyuta kuukuu ya duka, ile niliyoiwekea Linux baada ya mfumo wake wa kwanza kuishinda nguvu, nikaagiza ipelekwe sebuleni na kuungwa kwa waya kwenye tivii, picha na sauti vitokee huko ukubwa wa ukuta. Kamera ikawekwa juu ya tivii. Mjomba, kifungua mimba wa Bibi, akateuliwa kuwa mtu wa mitambo kwa sababu ana shati lenye mifuko mingi. Mimi kule chumbani, kabla ya hina, nikaiunganisha laptopu yangu na kompyuta ile kwa mtandao wa nyumbani, kwenye kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, ili niijaribu bila kukanyaga sebuleni. Kila kitu kikakubali. Nikaiacha laptopu wazi kitandani, nikatoa mikono ipakwe.

Baba naye alikuwa amehangaika upande wake. Kule aliko simu ya video haiwi rahisi kama kwetu. Alikuwa ameazima ofisi ya rafiki yake yenye mtandao unaokubali, na hakuwa na hakika kama ukikatika utarudi.

Baada ya swala ya Alasiri nikamsikia. "Asalaam alaykum!" Sauti yake ilijaa nyumba nzima, na sebule nzima ikamjibu. Nilirukaruka pale kitandani nikiwa nimekaa, mikono juu, na Bibi akanishika mabega akiniambia nitulie, naoza kabla sijaozwa.

Sheikh akasoma khutba yake, ndefu na nzuri. Alipomaliza akasema, "Sasa tumsikie walii." Pakawa kimya. Kisha kimya kikazidi. Kisha nikasikia viti vinasogea.

"Picha imeenda wapi?"

"Imekata," Mjomba akasema. "Jamani imekata!" Na hapo nikaanza kusikia kibodi inatwangwa.

Kupitia ukuta nilisikia kila kitu. Mtu alijaribu kumpigia Baba simu ya kawaida, ikawa haipatikani. Nilijua sababu: Baba lazima aliizima simu yake isije ikalia mbele ya sheikh, hiyo ndiyo adabu yake. Mtu mwingine wa upande wa bwana harusi akasema kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Hawa watu wa Maskati bwana, ahadi zao." Ami akasafisha koo. "Mie nipo hapa tangu asubuhi," akasema, "na uwakala ninao."

"Tuvute subira kidogo," Sheikh akasema. "Ila nina akdi nyingine ya ndoa Ukonga, na foleni ya Ukonga mnaijua."

Kisha likaja lile neno ambalo katika kazi yangu naliogopa kuliko radi. "Zima, uwashe!"

Kompyuta ile ikizimwa, mpaka iamke tena Sheikh angekuwa amefika Ukonga, amekula na kunawa. "Bibi!" nikasema. "Waambie wasizime!"

Bibi akafungua mlango kidogo, akatoa kichwa kilichofunikwa khanga, akapaza. "Msizime! Bi harusi anasema msizime!"

Sebule ikapigwa na butwaa. Kwetu bi harusi siku ya akdi hasemi kitu isipokuwa kukubali, na hata huko kukubali anatakiwa ajikaushe kwanza mpaka aulizwe tena na tena.

"Bi harusi kasemaje?" mzee mmoja akauliza.

"Kasema msizime! Nyie mna masikio au mna vishikizo?"

Akafunga mlango. Tukatazamana, na sote wawili tukaangua kicheko cha woga.

Nilihitaji kujua jambo moja tu: simu imekatika, au haionekani tu? Sebuleni hakuna aliyeweza kuniambia, kwa kuwa macho yao yote yalikuwa kwenye tivii, na tivii ilikuwa nyeusi. Ila kompyuta yenyewe ilikuwa inajua. Ipo amri ya kuiuliza kompyuta ni madirisha gani ya programu yamefunguliwa, nayo inakuandikia majina yao, kila moja kwenye mstari wake, hata kama hakuna kioo cha kuyaonyesha. Amri yenyewe ni fupi. Ningeiandika usingizini. Nikaitazama laptopu, nikaitazama mikono yangu iliyojaa maua mabichi mpaka kwenye viwiko, nikamtazama Bibi.

"Bibi, njoo uandike."

"Mie?"

"Wewe. Upesi."

Akavaa miwani, akaiweka laptopu mapajani, akasema bismillahi. Bibi herufi anazijua vizuri, ila amezizoea kwenye magunia na makopo, si kwenye kibodi, kwa hiyo nilimsomea amri kwa bidhaa za duka lake.

"W ya waya wa kusugulia sufuria."

"Nimeiona."

"M ya mchele. C ya chumvi. T ya tambi. R ya rangi ya viatu. L ya limau. Sasa ule ubao mrefu wa chini, uguse mara moja. Weka kistari. Kisha limau tena."

Aliandika kwa kidole kimoja, taratibu na kwa nguvu, vile anavyobonyeza kikokotoo chake cha dukani. Sebuleni Ami alikuwa anasafisha koo kwa mara nyingine.

"Sasa bonyeza Enta, hiki kikubwa cha pembeni."

Bibi akarudisha mkono. "Hapo sibonyezi. Nikiua simu ya mkwe, watu watasema nilikusudia."

"Bibi, haiui kitu!"

"Sibonyezi."

Nikainama, nikanyoosha kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, nikabonyeza mwenyewe. Ua lote la ncha ya kidole kile likabaki kwenye kibodi. Kompyuta ikajibu kwamba amri hiyo haijulikani.

Nikasogeza shingo nisome. Wmchtrl.

"Bibi! Umeandika ch!"

"Si umesema chumvi?" Alinitazama juu ya miwani kwa uchungu wa kweli. "Chumvi inaanzia wapi, kwenye s?"

Nilicheka nikaanguka chali, mikono nimeinyoosha hewani isiguse shuka. Na hakika alikuwa na haki. Bibi alifundishwa a, ba, cha, da. Hajawahi kukutana na c inayotembea peke yake bila mwenzake. Nikamwambia amfukuze h. Akamfukuza. Kidole changu kilikuwa kimeshaharibika, basi nikakitumia tena.

Mistari ikateremka. Kioo kilimwelekea yeye, akaanza kusoma kwa kunyooshea kidole. "Sifuri, eksi, sifuri, tatu... Hizi ndizo namba za Maskati?"

"Hapana Bibi, ruka hizo. Soma mwisho wa mstari."

"Kalkuleta." Neno hilo alilijua, limeandikwa kwenye kikokotoo chake cha dukani. "Kalkuleta. Kalkuleta. Kalkuleta tena. Wanahesabu nini hawa watu?"

Nikaelewa. Kibodi ile ina kitufe cha kikokotoo pembeni, na Mjomba katika kuokoa jahazi alikuwa amekigonga bila kujua, na kila akigonga kikokotoo kipya kinafunguka mahali asipopaona. "Endelea Bibi."

"So-li-ta-i-re. Hii nini?"

Nilisita. Lakini siku ya ndoa haifai kusema uongo. "Hizo karata, Bibi. Kuna mtu alikuwa anacheza karata."

"Karata!" Akauangalia ukuta kana kwamba anamwona mwanawe ng'ambo yake. "Leo? Na mie nimemnunulia shati?"

"Bibi, soma! Kuna mstari mwingine?"

Akarudisha macho kwenye kioo. Kidole chake kikashuka hadi mstari wa mwisho, kikasimama. Aliusoma kimya kwanza. Kisha akausoma kwa sauti, na sauti yake ilikuwa imepoa.

"Baba Maskati," akasema. "Imeandikwa Baba Maskati."

Ndivyo nilivyomwandika kwenye simu zangu zote, na kwenye kompyuta ile pia. Dirisha lake lilikuwa wazi. Simu haikuwa imekatika hata kidogo. Nilipiga kelele ambayo mwari hapigi, na nina hakika bwana harusi aliisikia, kwa sababu mpaka leo ananiuliza nilikuwa nimeona panya.

Hapo ndipo yaliyobaki yakajipanga yenyewe kichwani. Kompyuta ni nzima, simu ni nzima, kamera inaona na inasikia. Kwa hiyo Baba anawaona. Anamwona Mjomba anatwanga kibodi. Amesikia habari za watu wa Maskati na ahadi zao. Kilichokufa ni tivii tu, tena picha na sauti kwa pamoja, na tivii inayopoteza vyote viwili kwa mpigo mara nyingi imebadilishwa na rimoti, inaangalia tundu lisilo na waya.

"Bibi, rimoti iko wapi?"

Mlango ukafunguka tena. "Tafuteni rimoti! Baba mtu yupo! Yupo muda wote, anawaona na kuwasikia nyote!"

Halafu Ami akakohoa kikohozi cha mtu anayejaribu kurudisha maneno tumboni.

Wakati wanapekua mito ya makochi nilikumbuka karata. Baada ya ile twangatwanga ya Mjomba, dirisha lolote lingeweza kuwa mbele. Picha ikirudi, Sheikh angeweza kumkuta mfalme wa kopa badala ya walii. Nikamwambia Bibi tuzifunge kabla hawajaiona rimoti.

"Mwache aumbuke."

"Atakayeumbuka mie, Bibi. Ndoa yangu itafungwa mbele ya karata!"

Alifikiri kidogo. Kisha akainamia kibodi, na safari hii c yake ilikuwa kavu, haina h. Nikamsomea herufi za kufungia, na mwanzo wa jina la karata, na mwenyewe, bila kuambiwa, akabonyeza Enta kwa kishindo. "Toka!" akaiambia. Nikamsomea amri nyingine ya kulileta mbele dirisha la Baba. Akabonyeza tena. Macho yalikuwa yanamng'aa. Mpaka leo akitaka kitu kwa Mjomba humwambia tu, "So-li-ta-i-re," na Mjomba huinuka kwenda kukileta.

Ya rimoti nilisimuliwa baadaye. Mshenga wa upande wa bwana harusi, mtu mwenye mwili wa baraka, aliombwa ainuke akakataa, akisema angekuwa ameikalia angejua. Akaombwa kwa heshima. Akaombwa na Sheikh. Alipoinuka, ilikuwa pale.

Mimi nilichosikia ni sauti. Ilirudi ghafla, katikati ya sentensi, imekauka kama ya mtu aliyehubiri tangu asubuhi.

"...umuoze binti yangu, kwa mahari mliyoafikiana." Akameza mate. Kisha akaanza upya. "Nimekuwakilisha, Sheikh, umuoze binti yangu..."

Alikuwa anasema hivyo tangu mwanzo. Sheikh aliposema "tumsikie walii", Baba alisema. Akaona hawajibu, akasema tena. Akaona watu wanasimama, wanapekua makochi, wanamgeuzia migongo, akaendelea kusema, kwa sababu aliogopa kwamba dakika atakayonyamaza ndiyo watakayomsikia.

"Tumekupata, mzee wetu," Sheikh akasema. "Sema mara moja tu, mashahidi wakusikie."

Akasema. Bwana harusi akaulizwa, akajibu kwamba amekubali, haraka mpaka watu wakacheka. Uani vigelegele vikapasuka. Mimi nikalia na kucheka pamoja, pua inachuruzika, mikono hewani, na Bibi akanifuta uso mzima kwa pembe ya khanga yake bila kunitania.

Sheikh akakimbilia Ukonga. Wanaume wakatoka kwenda chini ya turubai kula pilau, na sebule ikawa kimya. Nilikaa nikisikiliza kelele za sahani, na moyo ukakataa kutulia.

"Bibi," nikasema, "hebu niangalizie tena."

Hakuniuliza aangalie nini. Akaivuta laptopu, akaandika yote peke yake, kuanzia waya mpaka limau la mwisho, akabonyeza. Akapita kwenye vikokotoo midomo ikicheza.

"Yupo," akasema.

Alikuwa hajakata. Alikuwa amekaa kule akiitazama sebule tupu, makochi yaliyopekuliwa na sahani ya tende.

Bibi akavua miwani. Mwari alitakiwa kungoja ndani mpaka mumewe aje kumpa mkono, na Bibi ndiye aliyekuwa askari wa sheria hiyo kwa mabinti wote wa ukoo. Akatoka, akaufunga mlango wa nje kwa komeo, akarudi. "Sebuleni hakuna mtu," akasema. "Twende, mke mwenzangu." Akanishika juu ya kiwiko, mahali pasipo na hina.

Nilikaa kwenye kochi lile lile la Mshenga. Baba alikuwa amejaa kwenye tivii, kanzu yake mpya, kofia imekaa upande.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa inakwaruza. "Nionyeshe mikono."

Nikaiinua. Akasogea karibu na kamera yake, akaikagua kidole kwa kidole, vile alivyokuwa akikagua kucha zangu kabla sijaenda madrasa. "Hiki cha mwisho mbona kimefutika?"

Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu, amejifunika khanga kwa ajili ya mkwewe.

"Alikuwa anakutafuta," akamwambia. "Tumekukuta chini ya karata."

Baba hakuelewa, lakini akacheka, na sisi tukacheka, tukacheka mpaka Bibi akakaa chini. Kisha Baba akaacha kucheka, akafuta macho kwa kofia yake.

"Nilikuwepo muda wote," akasema. "Nilikuwa nasema, ila mlikuwa hamnisikii."